Kisukari: Aina Zake, na kwa Nini Insulini Haikatizwi

[MUZIKI WA UTANGULIZI, KISHA UNASHUKA POLEPOLE]

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu au Nduta, Nakivale au Kyangwali, Mahama au Kakuma, tunakusalimu. Vuta kigoda, sogea karibu na redio, na kama jirani yako yuko mlangoni mwite naye asikilize.

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengine wanauita kisukari, wengine ugonjwa wa sukari, na wengine diyabeti. Majina ni matatu, ugonjwa ni mmoja. Lakini ndani ya huo mmoja mna aina zaidi ya moja, na watu wasipozitofautisha, kuna wanaopoteza maisha, hasa watoto. Niko na muuguzi anayehudumia wagonjwa wa kisukari kambini. Karibu, nesi.

MUUGUZI: Asante sana. Na nyote mnaotusikiliza, hamjambo.

MTANGAZAJI: Kabla ya maswali, tusikilize igizo fupi. Ni habari ya kubuni, lakini wenye kulea watoto wataielewa.

[SAUTI: KUKU, WATOTO WANACHEZA KWA MBALI, MTU ANATWANGA]

BIBI: Mwanangu, huyu mjukuu wangu ana nini? Jana usiku ameamka mara tano kwenda chooni. Na maji anayakunywa utadhani ametoka jangwani.

MAMA: Hata mimi sielewi, mama. Mtoto wa miaka kumi! Aliacha kukojoa kitandani zamani, sasa ameanza tena. Baba yake alimchapa, akidhani ni uvivu.

BIBI: Na mwili umekwisha. Ile suruali ya shule inamvuka. Anakula vizuri, lakini hanenepi. Labda ni minyoo.

MAMA: Dawa ya minyoo alimeza wiki mbili zilizopita. Jirani anasema ni malaria iliyojificha. Mwingine anasema tumerogwa na yule mtu tuliyegombana naye kwenye foleni ya mgao.

[SAUTI: MTOTO ANATAPIKA]

MAMA: Mama, njoo! Anatapika tena! Angalia anavyohema, kama aliyekimbia mbio. Na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

BIBI: Mbebe. Hatusubiri kukuche. Mbebe, twende kituo cha afya sasa hivi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Nesi, bibi huyu amefanya vizuri?

MUUGUZI: Bibi huyu ameokoa maisha. Angesema tusubiri asubuhi, huenda mtoto asingefika asubuhi. Dalili zile zote tulizosikia, kiu, kukojoa sana, kukonda huku anakula, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, ni dalili za kisukari kwa mtoto. Na zile za mwisho, kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda, ni dalili kwamba damu imeshaingia sumu. Hapo saa ni za kuhesabu.

MTANGAZAJI: Tueleze tangu mwanzo. Ni nini hasa kinachoharibika mwilini?

MUUGUZI: Chukua mfano tunaoujua wote hapa kambini. Magari ya chakula yamefika. Magunia ya unga yamejaa barabarani, mbele ya kila nyumba. Lakini milango ya nyumba imefungwa na ufunguo haupo. Nje chakula ni tele, ndani watu wanakufa njaa.

Mwili nao uko hivyo. Tukila ugali, wali, mihogo, ndizi au maharage, chakula hicho hugeuzwa tumboni kuwa sukari iitwayo glukosi. Damu ndiyo barabara inayoibeba sukari hiyo. Chembe za mwili, yaani za misuli na za viungo vingine, ndizo nyumba. Na ufunguo wa milango ni insulini. Insulini inatengenezwa na kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Insulini ikikosekana, au milango ikawa migumu kufunguka, sukari inarundikana kwenye damu. Figo zinajaribu kuitoa kwa mkojo, na sukari ikitoka inavuta maji. Ndiyo maana mgonjwa anakojoa sana, na kwa kuwa anapoteza maji, anashikwa na kiu. Huku chembe zake zina njaa, kwa hiyo mwili unaanza kujila wenyewe, unachoma mafuta na nyama yake. Ndiyo maana anakonda.

MTANGAZAJI: Na ile harufu ya matunda?

MUUGUZI: Mafuta yakichomwa kwa wingi bila insulini, yanaacha takataka kwenye damu ziitwazo ketoni. Ni asidi hizo. Zikizidi, mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kina ili kuitoa ile asidi, kisha anasinzia na kupoteza fahamu. Kwa sababu anatapika na tumbo linauma, wengi wanadhani ni malaria au homa ya matumbo. Anatibiwa malaria, na kisukari kinaendelea.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mzazi afanye nini asije akachanganya?

MUUGUZI: Akifika kwa mhudumu, asiseme tu "anatapika". Aseme pia: "Anakunywa maji mengi, anakojoa mara nyingi, na amekonda." Maneno hayo matatu yanatosha kumkumbusha mhudumu apime sukari. Kipimo ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na jibu hupatikana papo hapo. Mtu mwenye dalili akipimwa wakati wowote wa siku, sukari ikawa 11.1 au zaidi, hicho ni kisukari. Kuna mashine zinazosoma kwa hesabu nyingine, na hizo zitaonyesha 200 au zaidi. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, mpaka ni 7.0, au 126 kwa zile mashine nyingine.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Msikilizaji, sasa tuingie kwenye aina za kisukari. Nesi, ziko ngapi?

MUUGUZI: Tatu ndizo tunazokutana nazo zaidi.

Aina ya kwanza ndiyo ya yule mtoto. Hapa kongosho haitengenezi tena insulini, au inatengeneza kidogo mno. Askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, wamekosea njia na kuzishambulia chembe zinazotengeneza insulini. Si kosa la mzazi. Haikuletwa na pipi wala chai ya sukari, na haiambukizi. Huwapata zaidi watoto na vijana, ingawa mtu mzima naye anaweza kuipata. Inaanza ghafla, ndani ya wiki chache. Tiba yake ni insulini, kila siku, maisha yote. Hakuna kidonge, mzizi wala chai ya majani inayoweza kushika nafasi yake.

Aina ya pili ndiyo ya wengi. Kati ya watu mia moja wenye kisukari duniani, zaidi ya tisini wana aina hii. Hapa ufunguo upo, lakini makufuli yameshika kutu. Kongosho inajitahidi kutengeneza insulini zaidi, na baada ya miaka inachoka. Huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye ndugu wenye ugonjwa huo, wenye uzito mkubwa au wasiotembea sana. Lakini mtu mwembamba pia anaweza kuipata. Inakuja taratibu, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Aina ya tatu ni kisukari cha mimba. Kinaonekana mama akiwa mjamzito, na mara nyingi hutoweka baada ya kujifungua. Lakini mtoto anaweza kukua mno tumboni na uzazi ukawa mgumu, na mama mwenyewe anabaki na hatari ya kupata aina ya pili baadaye. Kwa hiyo mama mjamzito asikose kliniki, na baada ya kujifungua aendelee kupimwa. Akiambiwa atumie insulini, asiogope, haimdhuru mtoto.

MTANGAZAJI: Kuna msikilizaji atajiuliza: sisi tuliokimbia vita tukala mizizi porini, sisi tuliokonda kwa njaa, kisukari kinatufikiaje?

MUUGUZI: Ni swali zuri. Kwa muda mrefu watu wameuita ugonjwa wa matajiri. Si kweli. Kuna hata kisukari kinachowapata vijana wembamba waliokosa chakula cha kutosha tangu utotoni. Kongosho yao haikukua ipasavyo. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukiita aina ya tano. Wagonjwa hao insulini nyingi inaweza kuwashusha sukari kupita kiasi. Ndiyo maana ninasisitiza: dozi ya mwenzako si dozi yako. Wawili wanaweza kukaa benchi moja la kliniki na kila mmoja akahitaji matibabu yake.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Hii insulini ya sindano ilitoka wapi? Wapo wanaosema ni dawa mpya inayojaribiwa kwetu wakimbizi.

MUUGUZI: Si mpya hata kidogo. Imeshatimiza miaka mia moja na zaidi. Kabla yake, mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa anakufa, awe wa tajiri au wa maskini. Madaktari walichoweza ni kumnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi.

Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, daktari Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walifanikiwa kuitoa insulini kwenye kongosho za wanyama. Walifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, na mtaalamu wa kemia, James Collip, akaisafisha. Januari 1922 walimdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki na uzito wa kilo kama 30 hivi. Sindano ya kwanza haikufanya vizuri, kwa sababu dawa ilikuwa haijasafishwa vya kutosha. Siku 12 baadaye walimdunga ile iliyosafishwa, na sukari ikashuka. Kijana huyo aliishi miaka 13 zaidi. Banting, Best na Collip waliuza haki ya ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isifichwe na mtu mmoja. Leo Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo anayedungwa kambini anatumia dawa ileile wanayotumia watoto wa Kanada.

MUUGUZI: Kazi yake ni ileile. Ni ufunguo uleule.

MTANGAZAJI: Turudi kwa ile familia yetu. Mtoto alilazwa, akapewa maji ya mshipa na insulini, akapona. Sasa ni miezi mitatu baadaye.

[SAUTI: MVUA NYEPESI JUU YA TURUBAI]

MAMA: Mama, nimechoka kumchoma mwanangu. Asubuhi sindano, jioni sindano. Na mbona sasa ni mzima? Amenenepa, anacheza mpira. Labda ugonjwa umekwisha.

BIBI: Hata pale kwenye maombi walisema tumshukuru Mungu, amepona.

MAMA: Na mgao wa mwezi huu umepungua. Leo hatujui kama kuna cha jioni. Nesi alisema sindano ni pamoja na chakula. Kama chakula hakuna, si niache tu sindano?

BIBI: Hapo mimi sijui, mwanangu. Twende tukaulize.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Nesi, wamefika kwako. Unawajibu nini?

MUUGUZI: Kwanza nawapongeza, kwa sababu wamekuja kuuliza kabla ya kuacha. Wengi wanaacha kwanza, wanakuja baadaye mtoto akiwa amebebwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtoto ni mzima kwa sababu ya sindano. Sindano ikisimama, uzima nao unasimama. Ni sawa na mtu anayekaa chini ya turubai wakati wa mvua, akajiona mkavu, akasema mvua imekwisha, akaling'oa turubai. Mwenye aina ya kwanza akikosa insulini kabisa, anaweza kurudi kwenye hatari ya kifo ndani ya siku moja au mbili.

Kuhusu maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa imani. Maombi yaendelee, na sindano iendelee. Kimoja hakimfukuzi mwenzake.

MTANGAZAJI: Na siku ambayo chakula hakuna?

MUUGUZI: Hili ni gumu, na silijibu kwa wepesi. Ukidunga dozi kamili bila kula, sukari inaweza kushuka mno, na hiyo nayo ni hatari. Lakini ukiacha kabisa, ketoni zinaanza. Hata mtu asipokula, mwili wake unahitaji insulini kidogo. Vivyo hivyo akiumwa malaria na hataki chakula. Huo ndio wakati ambapo watu wengi huacha, na kumbe homa hupandisha sukari.

Kwa hiyo jibu ni hili: dozi inaweza kubadilishwa, haiachwi. Anayeibadilisha ni mhudumu wako. Usisubiri siku ya njaa ifike. Leo, ukiwa na nguvu, mwulize: "Siku nisipopata chakula cha kutosha nidunge kiasi gani? Na nikiumwa je?" Akuandikie kwenye kadi. Ukikosa chakula kabisa au mtoto akitapika, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama si siku yako ya kliniki.

MTANGAZAJI: Umesema sukari inaweza kushuka mno. Mtu atajuaje?

MUUGUZI: Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, ana njaa kali, kichwa kinamzunguka. Mwingine anakuwa mkali au anaongea kama mlevi. Mwalimu shuleni anaweza kudhani mtoto ana utovu wa nidhamu. Kwa hiyo mwalimu na marafiki zake waambiwe mapema.

Cha kufanya ni hiki. Mpe sukari haraka: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Subiri dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akishapata nafuu, ale kitu kama ugali, kiazi au ndizi. Mwenye kutumia insulini asitoke nyumbani bila sukari kidogo mfukoni, iliyofungwa kwenye karatasi.

Akiwa amepoteza fahamu, usimwagie kinywaji mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, na mkimbize kituo cha afya. Na usimdunge insulini wakati huo.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuje kwenye swali tunaloulizwa sana. Insulini inatakiwa kukaa kwenye jokofu. Sisi hatuna umeme. Tutaiwekaje?

MUUGUZI: Chupa ambayo haijafunguliwa inatunzwa kwenye jokofu la kituo cha afya, kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Isigande. Insulini iliyowahi kuganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Chupa unayoitumia inaweza kukaa nyumbani. Na hapa kuna habari njema iliyotokana na kambi ya wakimbizi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliangalia joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya. Lilikuwa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaipima insulini katika joto la namna hiyo kwa wiki nne, na ikabaki na nguvu sawa na ile ya kwenye jokofu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Maana yake ni kwamba kukosa jokofu si sababu ya mtu kunyimwa insulini ya kutumia nyumbani, wala kulazimika kutembea kituoni kila asubuhi na kila jioni kudungwa.

MTANGAZAJI: Lakini haimaanishi tuiweke popote.

MUUGUZI: Hapana. Jua kali linaiua. Usiiweke chini ya bati, karibu na mafiga, wala dirishani. Njia nzuri ni chungu. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kidogo kiingie ndani ya kikubwa. Katikati jaza mchanga, umwagilie maji. Tia chupa kwenye mfuko wa nailoni usioingiza maji, iweke ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini mahali penye upepo, na uongeze maji kila mchanga unapoanza kukauka. Bibi zetu walipoza maji ya kunywa kwa chungu, na insulini nayo inapoa hivyohivyo.

Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Kwa kawaida chupa iliyofunguliwa inatumika kwa wiki nne, kisha inarudishwa kituoni hata kama imebaki dawa. Na kila mara itazame kabla ya kudunga. Iliyo safi kama maji ibaki safi kama maji. Ile nyeupe kama maziwa, izungushe taratibu kati ya viganja mpaka iwe na rangi moja, usiitikise kwa nguvu. Ukiona mabonge au chembe zimeganda kwenye kuta za chupa, usiitumie.

MTANGAZAJI: Na sindano zenyewe?

MUUGUZI: Badilisha mahali pa kudunga: leo upande huu wa tumbo, kesho ule, au mapaja. Ukidunga palepale kila siku, ngozi inafanya uvimbe na dawa hainyonywi vizuri. Tumia bomba la insulini lenye alama za yuniti, usitumie bomba la kawaida, kwa sababu kosa dogo la kipimo ni kosa kubwa mwilini. Msiazimane sindano hata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa ajili ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Zilizotumika tia kwenye kopo gumu lenye kifuniko, watoto wasilifikie, na ulirudishe kituoni.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Nesi, tusiwasahau wazee wetu wenye aina ya pili. Kuna baba mmoja ataniambia: "Mimi natumia vidonge. Daktari amesema nianze insulini. Nimekataa, kwa sababu rafiki yangu alianza insulini, mwezi uliofuata akakatwa mguu."

MUUGUZI: Mzee wangu, nakuelewa, na neno lako nimelisikia mara nyingi. Lakini tuangalie kipi kilitangulia. Mguu ulikuwa umeshaharibika kwa sukari iliyokaa juu miaka mingi. Insulini iliitwa jioni, nyumba ikiwa imeshashika moto. Ndiyo maana mtu anaikuta insulini na msiba mahali pamoja, akadhani insulini ndiyo iliyouleta.

Aina ya pili huanza kutibiwa kwa kutembea, kupanga chakula, na vidonge kama metformini. Wengi wanaendelea hivyo miaka mingi. Lakini kongosho ikishachoka, vidonge pekee havitoshi. Kuanza insulini wakati huo si adhabu, na si kwamba ulikuwa mgonjwa mbaya. Ni kuisaidia kongosho iliyofanya kazi peke yake muda mrefu. Ukianza mapema, unayalinda macho, figo na miguu.

MTANGAZAJI: Na kupanga chakula, wakati mgao ni unga, maharage, mafuta na chumvi?

MUUGUZI: Panga kwa hicho ulicho nacho. Usile ugali mwingi mara moja kwa siku, ugawe uwe kidogo mara kadhaa. Uambatane na maharage na mboga za majani, hata matembele au majani ya maboga yaliyopandwa kando ya nyumba. Soda na chai yenye sukari nyingi viachwe, isipokuwa sukari imeshuka. Kila jioni kagua miguu yako, hata katikati ya vidole, na usitembee peku. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi.

MTANGAZAJI: Swali la mwisho. Wapo wanaojiandaa kurudi nyumbani, au kuhamishiwa kambi nyingine.

MUUGUZI: Nawaomba wasiondoke kimya. Wiki kadhaa kabla ya safari, njoo kliniki. Omba barua inayoeleza una kisukari cha aina gani, unatumia insulini ipi na kiasi gani. Omba dawa ya kutosha mpaka utakapofika kwenye kituo kingine. Na njiani insulini ibebwe mkononi mwako, isiwekwe kwenye mizigo juu ya lori. Ukifika, kabla hujatafuta mahali pa kujenga, tafuta mahali pa kupata insulini.

MTANGAZAJI: Asante sana, nesi. Msikilizaji, tukumbushane machache kabla ya kuagana.

Mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa sana na kukonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akitapika na kuhema kwa nguvu, usisubiri kukuche.

Mwenye aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja. Siku ya njaa au ya homa, dozi inaweza kubadilishwa na mhudumu, lakini haiachwi.

Mwenye aina ya pili akiambiwa aanze insulini, asiikimbie.

Ukosefu wa jokofu haukuzuii kutumia insulini. Chungu, kivuli na tarehe kwenye chupa vitakusaidia.

Na yule mtoto wa igizo letu? Tumwache akicheza mpira, mfukoni ana kijikaratasi chenye sukari, na bibi yake anamwita jua linapozama: wakati wa sindano umefika.

Hadi wiki ijayo, siku na saa kama hii, tukutakie afya njema. Kwaheri.

[MUZIKI WA KUFUNGIA]

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika mtaa wenu, mtoto akikonda na kukojoa kitandani, watu husema ni nini? Baada ya kusikia kipindi, mngemshauri nini mzazi wake?

2. Kwa nini mama alifikiri mtoto amepona? Mngemweleza vipi, kwa maneno yenu wenyewe, kwamba sindano iendelee?

3. Mgao ukipungua, majirani wanaweza kumsaidiaje mwenye kutumia insulini asikose chakula cha jioni?

4. Nani katika kikundi chenu anaweza kuonyesha jinsi ya kutengeneza chungu cha kupozea dawa? Pangeni siku ya kukitengeneza pamoja.

5. Je, mwalimu wa shule yenu anajua la kufanya mwanafunzi mwenye kisukari akianza kutetemeka na kutoka jasho? Nani atakwenda kumweleza?